Dawa Iliyomo Kwenye Taka za Majani ya Mkonge: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwa na wakulima wa mkonge, wanachama wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wenye mashine ndogo na wanafunzi wa kemia, hasa wa Tanga, Morogoro, Kilifi na Taita Taveta. Swali kubwa ni lile lile: yale majimaji ya kijani yanayotiririka mitaroni kila siku yana mali ndani yake? Yana: kemikali iitwayo hekojenini, malighafi ya dawa. Lakini mali hiyo ni chembe ndani ya tani, na huipata anayekinga majimaji kabla hayajachanganyika na maji ya kuoshea singa (nyuzi za mkonge), kisha akapima alichonacho kabla ya kutafuta mteja. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye mambo hayo mawili.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini inasemwa kwamba jani la mkonge karibu lote hutupwa?

Kwa sababu ndivyo ilivyo. Kilo 100 za majani mabichi hutoa singa kavu zipatazo kilo 4. Ili upate tani moja ya singa unapitisha mashineni tani 25 za majani, na tani 24 zinazobaki ni majimaji, nyama ya jani, ngozi yake na vinyuzi vifupi visivyosokotika. Mkulima analipwa kwa zile kilo 4. Zilizobaki amezilima, amezipalilia, amezikata na kuzisafirisha kwa gharama ile ile, halafu anazimwaga.

2. Ndani ya taka hizo kuna nini hasa chenye thamani?

Cha kwanza ni saponini. Hizi ni kemikali ambazo mmea hutengeneza kujikinga na wadudu na kuvu, na ndizo zinazofanya majimaji ya mkonge yatoe povu. Kila saponini ina sehemu mbili: kiini cha mafuta chenye umbo la steroidi, na mnyororo wa sukari ulioshikamana nacho. Ukiondoa sukari kinabaki kiini, nacho huitwa sapojenini. Kwenye mkonge sapojenini kuu ni hekojenini, na pembeni yake ipo tigojenini.

Zaidi ya hizo, ngozi ya jani ina nta, nyama yake ina pektini, na majimaji yana fenoli na flavonoidi zinazochunguzwa kwa uwezo wa kuzuia vijidudu. Haya ni mambo halali ya utafiti, lakini kwa mtu anayeanza tunashauri saponini zitangulie. Ndizo zenye historia ya biashara katika nchi zetu, na njia ya kuzipata inajulikana.

3. Hekojenini ina uhusiano gani na dawa za hospitali?

Yenyewe si dawa. Ni malighafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotizoni, zile wanazopewa wagonjwa wa pumu kali, baridi yabisi na baadhi ya magonjwa ya ngozi.

Mwaka 1949 madaktari wa Mayo Clinic nchini Marekani walionyesha kwamba kotizoni inawainua wagonjwa wa baridi yabisi walioshindwa hata kutembea. Dunia ikaitaka, lakini ilikuwa ikitengenezwa kutoka kwenye nyongo ya ng'ombe kwa msururu mrefu wa hatua, na nyongo haikutosha. Wanakemia wakageukia mimea. Viazi vikuu vya porini vya Mexico vilikuwa na diosjenini, steroidi nzuri, ila haina oksijeni katika pete ya tatu ya kiini, mahali ambapo kotizoni haiwezi kukosa. Hekojenini ya mkonge inayo oksijeni hiyo kwenye nafasi ya 12, wakati kotizoni inaihitaji nafasi ya 11. Kuisogeza kwa nafasi moja ni kazi, lakini ni nyepesi kuliko kuipandikiza mahali pasipo na kitu. Hapo ndipo mkonge ulipopata heshima yake katika maabara za dawa.

4. Ni kweli kwamba Afrika Mashariki iliwahi kuuza bidhaa hii?

Ni kweli. Mwaka 1951 watafiti wa Uingereza walichapisha taarifa kwamba taka za mkonge ni chanzo kizuri cha hekojenini. Kampuni ya Glaxo ikajenga juu ya ugunduzi huo utengenezaji wa kotizoni na baadaye betamethasoni, ikitumia tope lililokaushwa kutoka mashamba ya mkonge ya Afrika Mashariki.

Biashara ilififia kwa sababu zilizokuja pamoja. Singa za plastiki ziliangusha bei ya mkonge kuanzia miaka ya 1960, mashamba yakapungua, na taka nazo zikapungua. Upande wa pili, viwanda vya dawa vilijifunza kutumia steroli za soya pamoja na bakteria wanaozibadilisha, na malighafi hiyo ipo kwa wingi kwenye mabaki ya mafuta ya kupikia. Anayeingia leo ajue kwamba anashindana na soya, na asidanganywe kwamba dunia nzima inamsubiri.

## Kutoka jani hadi unga

5. Majani gani yana hekojenini nyingi?

Yaliyokomaa. Katika majani machanga tigojenini ndiyo inayotawala, na kadiri jani linavyozeeka hekojenini huongezeka. Ukataji wa kawaida wa mkonge, unaoanza na majani ya chini, unakupa tayari yale unayoyataka.

Aina nayo ina uzito. Mkonge wa asili, Agave sisalana, ndio uliojenga jina la hekojenini. Mseto namba 11648, uliotokana na kazi ya watafiti wa vituo vya Amani na Mlingano mkoani Tanga na ambao sasa umejaa mashambani, una uwiano wake tofauti, na nchini China hutumika zaidi kwa tigojenini. Kama shamba lako ni la mseto, usinakili namba za mkonge wa asili. Peleka sampuli yako (swali la 12).

Sindika ndani ya siku moja au mbili baada ya kukata. Jani lililolala juani hukauka ute, singa zake hupata madoa, na majimaji unayoyatafuta hupungua.

6. Korona au mashine ndogo, ipi inafaa zaidi kwa kazi hii?

Hapa mkulima mdogo ana bahati ambayo wengi hawaioni. Korona, yaani mashine kubwa ya mashambani ya kuchuna majani, hufanya kazi kwa kumwagiwa maji mfululizo, makumi ya maelfu ya lita kwa kila tani ya singa. Singa hutoka safi, lakini majimaji ya jani huzama ndani ya bahari ya maji ya kuoshea. Kuyatenga tena ni gharama ya pampu, matangi na kuni.

Mashine ndogo aina ya raspado huchuna jani kavukavu, na singa huoshwa baadaye kwenye beseni lake. Majimaji yanayochuruzika chini yake ni mazito. Weka karai au mfereji wa plastiki chini ya mashine, weka wavu wa kuzuia kapi (mabaki ya nyama ya jani), na tayari umemaliza hatua ambayo shamba kubwa lingeilipia. Majimaji haya ni machachu na hula chuma, kwa hiyo tumia vyombo vya plastiki au chuma kisichoshika kutu.

Mwenye korona asikate tamaa. Anaweza kutenganisha mtaro wa mwanzo, pale jani linapopondwa, na mtaro wa kuoshea. Hata kugawa mitaro tu hupunguza sana ujazo wa kushughulikia.

7. Hatua zenyewe ni zipi?

Njia iliyotumika Afrika Mashariki enzi zile bado ndiyo tunayoiona inafaa kuanzia.

Kwanza unachuja majimaji ili kapi na vinyuzi vibaki juu. Kisha unayaacha kwenye tangi lililofunikwa yachachuke yenyewe kwa muda wa siku 7. Vimeng'enya vya jani pamoja na vijidudu huanza kukata minyororo ya sukari, na saponini zinazopoteza sukari hushindwa kuelea ndani ya maji. Huzama pamoja na tope. Tope hilo hubeba karibu asilimia 80 ya hekojenini iliyokuwemo. Maji ya juu unayaondoa taratibu bila kuvuruga chini, na usiyamwage hivi hivi (swali la 17).

Baada ya hapo tope huchemshwa ndani ya chombo cha mvuke chenye shinikizo la takriban bar 14, ambako joto hufika kati ya nyuzi 190 na 200. Sukari iliyobaki hukatika. Tope linachujwa, linaoshwa, linakaushwa na kusagwa. Unga unaotoka ni wa rangi ya kahawia iliyokolea, na wafanyakazi wa zamani waliuita "kahawa" kwa sura yake. Una hekojenini ya karibu asilimia 12, pamoja na sapojenini nyingine, nta, na mabaki ya jani.

Kuanzia hapo kazi ni ya kiwanda cha kemia: unga hulowekwa kwenye kiyeyushi kama heptani au alkoholi, kiyeyushi huvukizwa, na hekojenini husafishwa kwa kuigandisha kuwa fuwele mara kwa mara. Kikundi cha wakulima hakina sababu ya kufika huko. Viyeyushi hivyo hushika moto kwa cheche moja, na banda la mkonge lililojaa singa kavu si mahali pake.

8. Sina boila. Naweza kutumia jiko la presha au asidi?

Jiko la presha la nyumbani hufika nyuzi 120 tu, mbali na joto linalotajwa kwenye swali la 7. Chombo cha bar 14 ni kitu kinachoweza kuua, lazima kitengenezwe na fundi anayestahili na kikaguliwe na mamlaka ya usalama kazini. Usichomelee pipa.

Asidi inafanya kazi. Maabara nyingi huchemsha tope pamoja na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, kwa saa chache, kisha huosha masalia mpaka karatasi ya litmasi isionyeshe uchachu. Kwa gramu mia za utafiti ni njia nzuri. Kwa mamia ya kilo unajikuta na matatizo mapya: mvuke unaochoma mapafu, vyombo vinavyolika, na maji ya asidi ya kusawazishwa kwa chokaa kabla ya kutoka getini. Kwa maoni yetu, kikundi kisicho na boila kiishie kwenye tope lililochachuka na kukaushwa juani, kisha kimuuzie mwenye boila.

9. Na nikitaka saponini nzima, bila kuondoa sukari?

Basi geuza mpango. Uchachushaji unaosaidia kwenye swali la 7 hapa ni adui. Majimaji yachujwe na yakaushwe siku hiyo hiyo, au yachemshwe mara moja ili vimeng'enya vife. Saponini nzima huyeyuka vizuri kwenye mchanganyiko wa ethanoli na maji, na hushikilia povu lake, ndiyo maana wanaozitaka ni watengenezaji wa sabuni maalumu na viuatilifu. Kigumu ni ukaushaji: majimaji yana maji mengi na sukari, hivyo hunata kama asali kabla ya kukauka.

10. Tani moja ya majani inatoa kiasi gani?

Hili ndilo swali ambalo kila kikundi kingeanza nalo. Hekojenini inayopatikana ni karibu asilimia 0.01 ya uzito wa jani bichi, yaani gramu 100 kwa tani. Tani 25 za majani, zile zinazokupa tani moja ya singa, zinakupa kilo 2 na nusu. Ukiihesabu kama unga wa asilimia 12, ni kilo 20 hivi.

Chukua AMCOS inayotoa tani 100 za singa kwa mwaka. Ikikinga majimaji yake yote bila kupoteza, inaweza kufikia tani mbili za unga. Hicho ni kiasi cha kumfanya mnunuzi apokee simu. Mkulima mmoja wa ekari mbili hawezi kufika huko peke yake, na yeyote anayemuuzia "mtambo wa hekojenini" wa nyumbani anamwibia.

## Kupima ulichonacho

11. Nitajuaje kama majimaji yana saponini bila kwenda maabara?

Tia majimaji yaliyochujwa kwenye chupa safi hadi robo, ongeza maji hadi nusu, tikisa kwa nguvu kwa nusu dakika, kisha uweke mezani. Povu likibaki na kimo cha sentimita moja au zaidi baada ya dakika 15, saponini zimo. Kipimo hiki kinakueleza kuwepo kwake tu. Hakikuambii ni hekojenini au tigojenini, wala ni kiasi gani. Pia kumbuka kwamba tope lililochachuka vizuri halitoi povu kubwa, kwa kuwa sukari imeondoka. Povu likipungua siku ya saba usidhani mali imepotea.

12. Vipimo vya uhakika navipata wapi?

Omba kromatografia (kipimo kinachotenganisha kemikali) ya kimiminika ya shinikizo kubwa, ikilinganishwa na hekojenini halisi. Kromatografia ya bamba ni nafuu na inatosha kwa kuangalia kama zipo hekojenini na tigojenini. Tanzania unaweza kuanzia TIRDO (shirika la utafiti wa viwanda), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Sokoine, na kwa mambo ya mkonge wenyewe kituo cha TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano wilayani Muheza.

Sampuli moja haitoshi. Peleka ya masika na ya kiangazi, ya majani ya chini na ya juu, na andika tarehe ya kukata kwenye kila chupa. Mnunuzi wa kweli atauliza hayo yote.

## Wateja na sheria

13. Nani hununua unga huu?

Viwanda vinavyotengeneza malighafi za dawa za steroidi, na mawakala wao. Hawanunui sokoni, hununua kwa mkataba, kwa bei inayopanda na kushuka kulingana na asilimia ya hekojenini. Ndiyo maana kupima kunatangulia kutafuta mteja. Ukienda na unga usio na cheti cha maabara utapangiwa bei ya chini kabisa, na hutakuwa na la kujibu. Bodi ya Mkonge Tanzania iliyopo Tanga ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo ya pamoja, kwa kuwa ujazo wa kikundi kimoja ni mdogo.

14. Naweza kuuza majimaji yenyewe kama dawa ya wadudu?

Msingi wa kisayansi upo. Tafiti za Brazili, nchi inayoongoza duniani kwa mkonge, zimeonyesha kwamba majimaji ya mkonge huua viluwiluwi vya mbu aina ya Aedes aegypti. Lakini kuuza ni jambo jingine. Kiuatilifu chochote nchini Tanzania kinasajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), na Kenya kuna Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu. Watataka kuona kipimo cha nguvu, muda wa kukaa bila kuharibika, na madhara kwa samaki. Hilo la samaki ndilo linalowakwamisha wengi, maana saponini huharibu matamvua yao.

## Afya na mazingira

15. Mtu anaweza kunywa majimaji ya mkonge kama dawa?

Hapana. Kwamba kotizoni ilitengenezwa kutokana na hekojenini haimaanishi kwamba mwili wako unaweza kufanya kazi iliyohitaji kiwanda kizima. Ukinywa majimaji unakunywa saponini zinazopasua chembe za damu na kuchoma utumbo. Anayewauzia wagonjwa chupa za majimaji ya mkonge kwa ajili ya pumu au kisukari anahatarisha maisha yao, na tunaomba apelekwe kwenye vyombo vya sheria.

16. Kwa nini ngozi huwasha baada ya kushika majani au tope?

Jani lina fuwele za kalsiamu oksaleti zenye umbo la sindano. Huchoma ngozi, na saponini hupenya kwenye vijeraha hivyo. Vaa glavu za mpira ndefu, viatu vya mpira na miwani. Wakati wa kusaga unga mkavu funika pua na mdomo, kwa sababu vumbi lake huwasha koo kuliko majimaji.

17. Kuna ubaya gani kumwaga maji yaliyobaki mtoni, ikiwa tope nimeshalitoa?

Maji hayo bado yana sukari, asidi na saponini zisizozama. Vijidudu vinavyokula sukari humaliza oksijeni ya mto, na saponini huua samaki hata kwa kiasi kidogo. Vijiji vilivyo kando ya mito inayopokea maji ya korona vinajua harufu hiyo vizuri kuliko sisi. Yapitishe kwenye mtambo wa bayogesi au mabwawa ya kutulizia, na pata kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, kabla hujaanza. Hatukubaliani na anayesema hilo ni la wakubwa tu. Mashine ndogo kumi kwenye kijito kimoja zinatosha kukichafua.

18. Kapi lililobaki baada ya kukamua lifanywe nini?

Bayogesi ni jibu lililothibitishwa: pale Hale, wilayani Korogwe, umeme umezalishwa kwa taka za mkonge, na tope linalotoka ni mbolea. Uyoga wa mamama nao huota kwenye kapi lililochachushwa kidogo na kuchemshwa. Kwa ng'ombe, kapi huliwa wakati wa kiangazi likichanganywa na majani mengine na chakula chenye protini. Lenyewe peke yake linawaharisha na lina fosforasi kidogo. Lililokamuliwa vizuri hufaa zaidi, kwa sababu saponini nyingi zimeondoka na majimaji.

## Hali zisizo za kawaida

19. Mvua imeingia kwenye tangi siku ya tatu. Nianze upya?

Si lazima. Maji ya mvua huchelewesha tu. Acha siku mbili au tatu zaidi, tope litazama. Kinachoharibu kundi zima ni udongo ulioingia na mvua, maana huzama pamoja na tope na kushusha asilimia ya unga. Kama maji yamebadilika kuwa mekundu ya udongo, tumia kundi hilo kwa bayogesi.

20. Shamba limechanua na linang'olewa. Visiki vina hekojenini?

Utajiri wa kisiki uko kwingine. Kisiki cha mkonge uliozeeka kimejaa inulini, sukari ya mnyororo mrefu inayotumika kwenye vyakula na inayoweza kuchachushwa kuwa alkoholi. Njia ya swali la 7 haifai hapo. Inulini hutolewa kwa maji ya moto kwenye vipande vilivyokatwa vidogo, tena mapema: mlingoti wa maua ukishasimama, mmea unakuwa umeitumia akiba hiyo kujengea mlingoti wenyewe. Ukitaka visiki, ng'oa mimea inayoonyesha dalili za kuchanua kabla mlingoti haujapanda.